Alimwaga Maji Yake Juu ya Tairi Langu

Niliondoka Albuquerque, jimbo la New Mexico, Marekani, Jumatatu ya pili ya mwezi wa sita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, jua likiwa bado limejificha nyuma ya milima ya Sandia. Nilikuwa na likizo ya siku saba, pikipiki ya silinda moja yenye mabegi mawili ubavuni, lita sita za maji, na ramani ya karatasi kwa sababu huko nilikokuwa naelekea mtandao unaweza kukatika saa nzima au mbili. Wauguzi wenzangu waliniuliza kama siogopi: mwanamke, mweusi, peke yake, jangwani, na lafudhi hii ya Morogoro. Niliwajibu kwamba naogopa. Lakini mwaka mzima nilikuwa nimekaa na hamu ile ile, nikaona hofu haitapungua kwa kukaa.

Kama unatafuta picha za miamba myekundu, zimejaa kila mahali na ni nzuri kuliko zangu. Mimi nataka kuandika habari za watu, maana ndio ninaowaota hadi leo.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja pale Magdalena, nusu saa hivi magharibi ya Socorro kwenye barabara namba 60. Nilikuwa najaza mafuta. Yeye alikuwa amekaa kwenye pikapu yake, mlango wazi, kofia pana imebadilika rangi kwa jasho la miaka mingi, anakunywa kahawa. Akaiangalia pikipiki, akaangalia ilikoelekea, akasema, "Binti, unakwenda kinyume na ng'ombe."

Sikumwelewa. Akashuka kunieleza. Reli ilipofika Magdalena mwaka 1885, wafugaji wa huku na wa upande wa Arizona walianza kuswaga mifugo yao hadi hapo ipakiwe kwenye mabehewa. Njia ilianzia Springerville, karibu kilomita 200, na ndiko nilikokuwa nakwenda kulala. Ng'ombe walitembea kama kilomita 16 kwa siku, kondoo nusu ya hapo. Mambo hayo yalikwisha mwaka 1971. Yeye alichukuliwa na baba yake katika miaka ya mwisho mwisho, akiwa na miaka kumi na tatu, akapewa farasi mzee na kazi ya kukaa nyuma kabisa ya kundi kuhakikisha ndama hawabaki. "Siku ya tatu," akasema, "nilikuwa natema udongo."

Tangi lilikuwa limeshajaa zamani, nami nimesimama tu na bomba la mafuta mkononi. Nikamwambia kwamba Tanzania wako watu ambao hata leo wanaswaga ng'ombe kwa miguu kupeleka mnadani. "Hata leo?" akauliza. "Hata leo." Akavua kofia, akaishika mbele ya kifua, akauliza tena wanatembea siku ngapi, wanalala wapi, maji wanapata wapi. Mimi ni mtu wa milimani, ng'ombe nimewaona barabarani tu kama msafiri mwingine yeyote, lakini nilimjibu nilichokijua. Halafu akaomba ramani yangu, akaweka alama mbili za kalamu. Hapa na hapa, akasema, vilima vinakwisha na upepo utakupiga kutoka kushoto. Punguza mwendo kabla hujafika, usisubiri ufike.

Upepo ulinipiga pale pale alipoweka alama. Ni uwanda wa San Agustin, tambarare kama meza, na katikati yake zimesimama antena za kusikilizia anga, 27, kila moja upana wa mita 25, zimewekwa juu ya reli ili ziweze kuhamishwa. Kibao kinaomba wageni wazime simu kwa sababu mawimbi yake yanaingilia kazi. Nilizima, nikapita nimeinama juu ya tangi.

Pie Town ni kijiji kilicho juu sana, zaidi ya mita 2,300, na kimepata jina lake kwa pai zilizoanza kuuzwa hapo miaka ya 1920. Nilikula ya tufaha iliyotiwa pilipili za kijani na njugu za msonobari. Mama aliyeniandalia aliposikia kwamba nafanya kazi zamu za usiku hospitalini, akaniletea kipande cha pili na hakukubali nikilipie. Binti yake ni muuguzi. Alikaa nami mezani kidogo, akaniuliza kama miguu huwa inaniuma ikifika saa kumi usiku. Inauma, nikamwambia. "Na yeye hivyo hivyo," akasema, akatazama dirishani.

Kuhusu saa lazima niseme kitu, maana ilinichanganya mpaka basi. Arizona hawasogezi saa mbele majira ya joto kama majimbo mengine mengi. Taifa la Navajo, eneo la wenyeji asilia wanaojitawala ndani ya Marekani, ambalo ni kubwa kiasi cha kilomita za mraba 70,000 na linaingia ndani ya Arizona, New Mexico na Utah, wao wanasogeza. Wahopi, wenyeji asilia wengine, ambao ardhi yao imezungukwa na ya Wanavajo pande zote, hawasogezi. Basi siku ya pili, kutoka Springerville kupitia Ganado, nikavuka vilima vya Wahopi hadi Tuba City, saa ilibadilika mara tatu katika siku moja. Na mimi kichwani bado nahesabu Kiswahili, jua likitoka ni saa kumi na mbili. Nikaamua kumuuliza kila niliyekutana naye ni saa ngapi kwake. Ikawa njia nzuri ya kuanzisha mazungumzo.

Hivyo ndivyo nilivyoanza na mama wa Second Mesa, huko kwa Wahopi. Alikuwa na meza chini ya mwavuli kando ya barabara, anauza piki, mkate wa Wahopi mwembamba kama karatasi, wa rangi ya bluu inayokaribia kijivu, umekunjwa kama mkeka mdogo. Ukiuma unavunjika na kuyeyuka, na nyuma yake inabaki ladha ya mahindi ya kuchoma. Unga wa mahindi ya bluu, maji, na majivu kidogo, akaniambia. Uji wake anaupaka kwa mkono mtupu juu ya jiwe la moto. Akanigeuzia kiganja: ncha za vidole vyake zilikuwa laini, zinang'aa, kama zimepigwa msasa.

Aliniomba nisipige picha ya kijiji wala ya watu. Niliiweka simu ndani ya begi nikafunga zipu, nikaona amefurahi. Kisha nikamuuliza kuhusu shamba nililoliona bondeni. Mahindi yalikuwa yameota kwenye mchanga mtupu, hakuna mfereji, hakuna bomba, na kila shina limesongamana kama kichaka. Akasema hawamwagilii. Mbegu zinafukiwa chini sana, kule unyevu wa theluji ya baridi ulikobaki. Akaweka kidole chake katikati ya mkono wangu, kati ya kiganja na kiwiko, kunionyesha kina. Na zinawekwa nyingi shimo moja, zaidi ya kumi, ili miche ikingane na upepo.

"Sisi kwetu tunaweka mbili au tatu," nikamwambia, "na tunafukia kiasi cha kidole."

"Kwa hapa mngekula upepo," akasema, tukacheka wote wawili.

Nilikaa pale karibu saa nzima. Wateja walikuja na kuondoka, na kila aliyekuja alimwambia, "Huyu naye ni mkulima wa mahindi, anatoka Afrika." Mimi ni muuguzi. Shamba ni la mama yangu, jembe nililishika mara ya mwisho nikiwa sekondari. Lakini sikumsahihisha. Nilinunua mafungu mawili kwa dola 20, na la tatu alinipa.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Siku ya tatu nilitoka Tuba City kwa barabara namba 160 kuelekea Kayenta. Kufika saa tano joto lilikuwa linakaribia nyuzi 38. Wengi hudhani ukisikia joto unafungua jaketi. Hewa ikishakuwa na joto kuliko ngozi yako, kufungua ni sawa na kujipulizia tanuri, na jasho linakauka kabla halijakupoza. Dawa ni kulowesha fulana ya pamba, kuvaa jaketi juu yake, na kuacha upenyo mdogo tu shingoni na mikononi. Nilikuwa nimeshailowesha mara moja, imekauka, natafuta mahali pa kusimama niiloweshe tena, mara nikasikia mkia wa pikipiki unacheza. Nikapunguza taratibu, nikatoka pembeni. Tairi la nyuma lilikuwa limekaa chini.

Kivuli hakuna. Mtandao hakuna. Nilikuwa na vijiti vya mpira vya kuzibia pancha na pampu ndogo ya umeme. Pampu ililia kidogo kama mbu, ikanyamaza, na haikusema tena. Tundu lenyewe sikuliona, tairi limejaa vumbi jekundu, na nilikuwa nimeshaanza kuhesabu maji yangu ni ya saa ngapi.

Pikapu moja ilipita ikitokea mbele yangu. Ikaenda kama mita mia mbili, ikapunguza, ikageuza. Nyuma ilikuwa imebeba tangi la plastiki ndani ya wavu wa chuma, lile la lita elfu moja, limejaa mpaka gari limeinama nyuma. Akashuka mwanamume wa miaka hamsini hivi, nywele amezifunga fundo kisogoni kwa uzi mweupe. "Yá'át'ééh, dada," akasema, ndiyo salamu ya Kinavajo. Akaangalia tairi kabla ya kuniangalia mimi.

Alikuwa anatoka kuchota maji. Familia nyingi za Navajo hadi leo hazina maji ya bomba, na yeye ni mmoja wao. Mara mbili kwa wiki anakwenda na tangi lile, ya watu na ya kondoo humo humo. Aliniambia hayo huku anaunga pampu yake kubwa kwenye betri ya gari. Akajaza upepo. Tukainama wote wawili kusikiliza unakotokea, lakini upepo wa jangwani ulikuwa unavuma kuliko wa tairi. Akazungusha gurudumu mara mbili, akapapasa. Hakuna.

Ndipo akaenda nyuma ya pikapu, akafungua koki ya tangi, akajaza mkebe wa kahawa. Akarudi, akaanza kuyamimina juu ya tairi, polepole, mimi nikizungusha. Nikamwambia aache, nina maji yangu kwenye begi, hayo ni ya nyumbani kwake. Hakujibu. Alimaliza mkebe wa kwanza, akaenda kujaza wa pili. Mchanga ulikuwa unayanywa yale maji papo hapo, hata doa halikukaa. Mkebe wa pili ulipofika katikati, yakatoka mapovu karibu na ukingo, madogo madogo, kama mate ya mtoto mchanga. "Huyo," akasema. Kilikuwa kipande cha waya wa seng'enge, urefu wa punje mbili za mchele. Alikivuta kwa plaizi, akanikabidhi kiganjani, akaniachia mimi niingize kijiti cha mpira mwenyewe kwa sababu aliona nataka kuingiza mwenyewe.

Nilipouliza namlipa nini, akasema mama yake amepika kondoo, niende nikale wakati tairi linatulia. Nilisita, na sioni aibu kusema hivyo. Yeye naye aliona. Akasema mke wake na binti zake wako nyumbani, na nimfuate kwa umbali wowote ninaoutaka. Nikamfuata kwa umbali wa kutosha kugeuza.

Nyumba ilikuwa mwisho wa njia ya mchanga, na kando yake hogan, nyumba yao ya asili ya pembe nyingi, mlango ukitazama mashariki. Mbwa wanne, kondoo zizini, na bibi mmoja aliyeketi nje kivulini, amepita miaka themanini, sketi ndefu, bangili ya fedha yenye jiwe la feruzi ingawa hakuwa anakwenda popote. Alinipa mkono kwa ulaini, bila kuminya, kama unavyomgusa mtu aliyelala. Kiingereza alikuwa nacho kidogo, mwanawe alitafsiri.

Aliuliza swali moja. Mwanawe akafikiri kidogo namna ya kulisema, kisha akaniambia, "Anauliza wewe ni wa nani."

Akanieleza kwamba kwao, Wadiné, kama wanavyojiita wenyewe, mtu hajatambulishwa mpaka ataje koo zake nne: wa mama, wa baba, wa babu mzaa mama, wa babu mzaa baba. Ndipo watu wanajua kama ni ndugu na waitane vipi. Akataja zake nne, taratibu, bibi akitikisa kichwa kwa kila mmoja. Kisha wakaningoja.

Nina miaka kumi na mmoja Marekani. Nimeulizwa natoka wapi, nilikuja kwa karatasi zipi, Kiingereza nilijifunzia wapi. Hilo sijawahi kuulizwa. Niliweka kikombe chini. Nikasema mimi ni Mluguru, mtu wa milima ya Uluguru yenye mvua nyingi, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Nikautaja. Nikataja wa baba. Nikataja wa babu mzaa mama. Wa nne ukanikwama. Bibi hakunisaidia wala hakunionea huruma, alingoja tu, mikono mapajani, na katika ukimya ule likanijia jina nililolisikia mara ya mwisho kwenye msiba wa babu mwaka 2009. Nikalisema kwa sauti. Nilikuwa natetemeka.

Mwanawe alipomtafsiria kwamba kwetu mtoto ni wa mama, bibi akapiga paja, akasema maneno mengi kwa haraka. "Anasema, kumbe hata huko wanajua," akaniambia. Kwao ni vivyo hivyo, ukoo unashuka kwa mama. Bibi akauliza kama nina binti. Nina wavulana wawili. Uso ukamwinama kidogo, sawasawa na ulivyowahi kumwinama mama yangu. Na dada? Ninaye, ana mabinti watatu. Akashusha pumzi, akanipigapiga goti. Mambo yalikuwa salama.

Tulikula kondoo aliyechemshwa na viazi na mahindi, na mkate wa kukaanga. Mjukuu mmoja wa kike alikuwa anautandaza unga kwa viganja, anaurusha mkono hadi mkono, anautia kwenye mafuta na unafura kama mto. Aliniambia mkate huu haukuwa wa kwao tangu mwanzo. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga mababu zao kwa miguu hadi Bosque Redondo, mamia ya kilomita mashariki, na huko wakapewa posho ya unga wa ngano ambao hawakuujua. Walirudi mwaka 1868 baada ya mkataba. Bibi aliposikia jina la mahali pale katikati ya Kiingereza, aliacha kutafuna. Bibi wa bibi yake alikwenda na akarudi. Msichana akautoa mkate kwenye mafuta, akampa yeye kwanza.

Nilipoondoka nilimpa bibi pakiti ya kahawa niliyokuwa nayo. Nilijifunza kusema ahéhee', asante, na alinirudisha mara tatu mpaka ile sauti ya kukata koo ikatoka sawa. Walinijazia chupa zangu zote kutoka kwenye lile tangi na hawakutaka kusikia. Nikaomba anuani. Barabara yao haina jina wala nyumba haina namba; mwanawe akaniandikia sanduku la posta kwenye kipande cha boksi. S.L.P., kama nyumbani.

Siku zilizobaki zilikuwa nzuri. Nilifika Monument Valley jioni, miamba imewaka. Nilipanda Moki Dugway, kilomita tano za changarawe zilizochongwa ubavuni mwa jabali miaka ya 1950 kwa ajili ya malori ya urani, nikiwa nimekamata usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Nilirudi kwa njia ya Bluff na Shiprock. Tairi halikutoa upepo hata kidogo.

Jumapili nilimpigia mama. Nilimsimulia yote, na kati ya yote alishika moja tu. "Ulimpa nini huyo bibi?"

"Kahawa."

Simu ikanyamaza mpaka nikadhani imekatika. "Mwanangu," akasema, "mtu anakuuliza ukoo wako, anakulisha, wewe unampa kahawa?"

Kwenye sanduku langu nilikuwa na doti moja ya kanga ambayo haijakatwa, ya njano na nyeusi, mama mwenyewe ndiye aliyenifungia nilipokuwa nasafiri. Jina lake: Mgeni njoo mwenyeji apone. Nilimuuliza kama niitume hiyo. Akasema hiyo hiyo, na nisiikate, wataikata wenyewe. Jumanne nilikwenda posta.

Wiki mbili zikapita. Juzi simu ikalia nikiwa naosha cheni ya pikipiki. Picha: bibi ameketi mlangoni pa hogan, jua la asubuhi usoni, kanga zote mbili mabegani bila kukatwa. Chini yake mwanawe ameandika kwamba mama anauliza hayo maandishi yanasema nini. Nikamjibu kwa Kiingereza nilivyoweza: mgeni na aje, ili mwenyeji apate kupona. Baada ya muda likaja jibu. "Nimemwambia. Anauliza, ni nani alikuwa mgonjwa?"

Nimeshaanza kuandika jibu mara tatu. Usiku huu niko zamu. Nitajaribu tena saa ya mapumziko.